Umeahirishwa Desemba: mwongozo kamili kwa walioomba mapema vyuo vikuu vya Marekani

Vyuo vikuu vya Marekani vinavyochuja sana hutoa majibu ya maombi ya mapema katikati ya Desemba, na mara nyingi huyatoa jioni kwa saa za kwao. Saa moja jioni ya Boston ni saa tisa usiku Nairobi na Dar es Salaam. Jibu huwa moja kati ya matatu: umekubaliwa, umekataliwa, au uamuzi umeahirishwa. Hili la tatu ndilo linalosumbua watu, maana barua yake ni ya upole mwingi lakini haikupi kitu cha kushika. Hapa tunaeleza maana yake, na kazi inayomsubiri mwombaji aliye Afrika Mashariki kuanzia usiku huo hadi mwisho wa Machi.

Kilichotokea kwa faili lako

Faili lako limehamishiwa duru ya kawaida. Litasomwa tena Februari au Machi, likiwa pamoja na ya wale walioomba Januari. Huombi upya wala hulipi ada mara ya pili. Usichanganye na orodha ya kusubiri, ambayo huja mwishoni mwa Machi na hutegemea kama nafasi zitabaki. Pia si ule utaratibu wa kusogeza mwaka wa kuanza masomo, unaomhusu mtu aliyekwisha kukubaliwa.

Uzito wa jibu hili hutegemea chuo. Kwa waliotaka kuanza 2024, Yale ilipokea maombi ya mapema 7,856 na kukubali 709. Walioahirishwa walikuwa karibu asilimia 20 tu, na asilimia 69 hivi walikataliwa moja kwa moja. Msimu huohuo MIT ilipokea 12,563, ikakubali 661, na takriban theluthi mbili ya waombaji wote wakaahirishwa. Stanford inajulikana kwa kuahirisha wachache. Georgetown nayo kwa miaka mingi haikuwa ikimkataa mtu katika duru ya mapema: asiyekubaliwa alisogezwa mbele tu. Kwa hiyo aliyeahirishwa na Yale ameambiwa kitu, kwa kuwa wangeweza kumkataa na hawakufanya hivyo. Aliyeahirishwa na MIT bado hajaambiwa kitu.

Sababu ziko nyingi. Kamati inaweza kutaka kuona matokeo ya nusu ya kwanza ya mwaka wako wa mwisho. Inaweza kuwa haijui bado Januari italeta waombaji gani kutoka nchi yako. Inaweza kuwa bajeti ya misaada kwa wanafunzi wa kigeni imefika kikomo cha duru ile. Na tuseme ukweli, vyuo vingine huahirisha kwa adabu tu, visivunje moyo shule zinazowaletea waombaji kila mwaka. Barua haitakwambia wewe uko fungu gani, kwa sababu barua ileile imetumwa kwa maelfu. Usiketi kuichambua neno kwa neno.

Kuhusu uwezekano: katika vyuo vingi vya ngazi hii, nafasi ya aliyeahirishwa hukaribia ile ya mwombaji wa kawaida, yaani tarakimu moja ya asilimia au zaidi kidogo. Ni nafasi ya kweli, lakini si ya kujengea mpango mzima wa maisha.

Kwanza, jua ahadi gani imebaki na ipi imeisha

Kama uliomba kwa mpango wa Early Decision, wewe, mzazi na mwalimu wako mlitia sahihi kwamba ukikubaliwa utakwenda huko na kuacha vyuo vingine. Siku unapoahirishwa, ahadi hiyo imekwisha. Ukikubaliwa Machi na chuo hichohicho, hulazimiki kwenda. Una hadi tarehe 1 Mei kulinganisha msaada wa fedha na wa vyuo vingine. Kwa familia inayohesabu kila shilingi hiyo ni faida kubwa, na wengi hawaioni kwa sababu ya huzuni ya Desemba.

Early Action, ule mpango mwingine wa kuomba mapema, haikukufunga tangu mwanzo. Ile aina yake yenye masharti, inayotumiwa na Harvard, Yale, Princeton na Stanford, ilikuzuia kuomba mapema vyuo vingine binafsi, ila baada ya jibu la Desemba unaweza kuomba popote, pamoja na duru ya pili ya Early Decision ya chuo kingine. Duru hiyo ipo Chicago, Vanderbilt, Emory, Tufts, Johns Hopkins, New York University, Swarthmore, Pomona na kwingineko; maombi hufungwa kati ya 1 na 15 Januari, majibu hutoka katikati ya Februari. Ukikubaliwa, unaondoa maombi mengine yote, likiwamo lile lililoahirishwa.

Usiikimbilie duru hiyo kwa hasira. Inakufunga kama ya kwanza. Gharama ya mwaka katika vyuo vingi binafsi vya aina hii imepita dola 85,000, na vikokotoo vya gharama vilivyo kwenye tovuti zao vimetengenezwa zaidi kwa familia za Marekani, vinavyopima kodi na nyumba za kule. Kabla ya kutia sahihi, iandikie ofisi ya misaada ya fedha barua pepe fupi: kipato cha familia kwa mwaka, idadi ya watoto wanaosoma, na swali moja, kwamba je, msaada kwa mwanafunzi wa kigeni hufikia mahitaji yote? Kama jibu linazungukazunguka, subiri duru ya kawaida.

Wiki mbili za hatari

Kati ya jibu la Desemba na 1 Januari kuna kama wiki mbili, na maombi mengi ya kawaida hufungwa kati ya 1 na 5 Januari. Wiki hizo shule zetu zimefungwa. Mwalimu wa taaluma yuko kijijini, simu yake haipatikani, na mhuri wa shule umefungiwa kabatini. Wanaokosa vyuo vya Januari mara nyingi wameangushwa na hilo, si na uandishi wao.

Kwa hiyo kazi ya karatasi hufanywa kabla shule haijafungwa, hata kama unaamini Desemba itakuletea habari njema. Hakikisha barua za walimu na ripoti ya shule zimeshapakiwa kwenye Common App, ile tovuti moja ya kutumia maombi kwa vyuo vingi. Zikiwekwa mara moja, hutumika kwa vyuo vyote utakavyowapangia walimu hao, bila kuwasumbua tena. Chukua nakala zenye mhuri za matokeo yako yote, ziskani, uzihifadhi sehemu mbili. Andika insha za vyuo vya Januari kuanzia Novemba. Muda wa mwisho wa Common App huhesabiwa kwa saa za mahali ulipo, saa tano na dakika 59 usiku, lakini asiyepeleka mapema anacheza bahati nasibu na umeme na bando.

Orodha ya Januari iwe na vyuo vinane hadi kumi na viwili, na angalau vitatu viwe vile ambavyo kiwango chako kinavizidi na vinatoa fedha kwa wageni. Mwombaji anayeongeza vyuo kumi vinavyofanana na kile kilichomuahirisha hajapunguza hatari. Ameizidisha kwa kumi. Kama ada za maombi, ambazo huwa dola 75 hadi 100 kila kimoja, zinakushinda, omba msamaha wa ada ndani ya fomu. Washauri wa EducationUSA walio kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam zikiwemo, hutoa ushauri bure kuhusu orodha hii. Watumie.

Soma maagizo ya chuo chako kabla ya kutuma chochote

Ingia kwenye akaunti yako ya mwombaji kwenye tovuti ya chuo, si kwenye Common App, usome ukurasa wa walioahirishwa mpaka mwisho. MIT, isiyotumia Common App, ina fomu yake ya Februari ambayo kila aliyeahirishwa hujaza alama za nusu mwaka na habari mpya. Vyuo vingine vina sehemu ya kupakia barua moja tu. Chicago imekuwa ikiwaruhusu walioahirishwa kuhamia duru ya pili ya Early Decision ya chuo hichohicho, wakitaka. Na kuna vyuo vinavyosema wazi: usitume zaidi ya matokeo. Ukikuta hivyo, tii. Anayetuma vyeti saba mahali walipoomba karatasi moja huonyesha kwamba hasomi maagizo.

Kama hujui chuo kinajali kiasi gani nia ya mwombaji, tafuta waraka wao wa takwimu uitwao Common Data Set, ambao vyuo vingi huuweka mtandaoni kila mwaka, ufungue sehemu ya C7. Humo kuna mstari unaosema kama nia ya mwombaji hupimwa au haipimwi. Mahali haipimwi, barua yako itabebwa na habari mpya peke yake. Kusema unakipenda chuo hakutakuongezea kitu.

Matokeo ya nusu mwaka: hapa ndipo pana uzito

Kitu kimoja kinachoweza kubadili usomaji wa pili ni alama mpya. Fomu yake huitwa Mid-Year Report na hutumwa na shule, si na wewe.

Kwa Mkenya aliyefanya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, Novemba, mambo yamekaa vizuri. Katika miaka ya karibuni matokeo yametangazwa wiki ya pili ya Januari: ya 2023 yalitoka tarehe 8 Januari 2024, na ya 2024 tarehe 9 Januari 2025. Kamati iliyokuahirisha Desemba haikuwa na alama hizo, sasa itakuwa nazo. Pakia matokeo siku yanapotoka, kisha uiombe shule itume nakala rasmi.

Kwa Mtanzania wa kidato cha sita, mtihani wa taifa hufanyika Mei na matokeo huja Julai, baada ya kila kitu kuamuliwa. Kinachotumika ni mtihani wa muhula uliofungwa Desemba, na moko kama utafanyika mapema. Hapa kuna mtego wa kweli. Mwanafunzi wa tahsusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) mwenye 72 ya Fizikia amepata B, kwa sababu kidato cha sita A huanzia 80, B 70, C 60. Msomaji wa Marekani, asipoelezwa, ataiona 72 kama alama ya mtu anayeburuzwa, kwani kwao A huanzia 90. Iombe shule iandike mizani hiyo kwenye karatasi yenyewe ya matokeo, pamoja na nafasi yako darasani na idadi ya wanafunzi: "wa 2 kati ya 64" inaeleweka Boston, Dodoma na kokote.

Anayesoma mtaala wa Cambridge au IB apeleke alama za mitihani ya ndani pamoja na makadirio mapya ya walimu. Mganda wa UACE, mtihani wa kidato cha sita wa Uganda, matokeo yake huchelewa kuliko ya KCSE, hivyo ategemee alama za shule kwanza, kisha aongeze ya taifa yakitoka kabla kamati haijafunga.

Namna ya kutuma nayo ina mambo yake. Karatasi iwe na kichwa cha barua cha shule, tarehe, sahihi na mhuri, na itoke kwenye barua pepe ya shule au akaunti ya mwalimu kwenye Common App. Ikitoka kwenye anwani yako binafsi, vyuo vingi huiona kuwa si rasmi. Juu ya kila ukurasa liandikwe jina kamili kama lilivyo kwenye maombi, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mwombaji. Majina ndiyo huleta balaa kubwa: pasipoti ina "Mohamed", cheti kina "Mohammed", maombi yana majina mawili na matokeo yana matatu. Karatasi hufika, lakini haipati faili lake, na akaunti yako inaendelea kuonyesha kwamba haijapokelewa. Ikipita siku kumi za kazi tangu itumwe bado hivyo, andika barua pepe moja ukitaja majina yote mawili.

Barua yako

Barua ni moja. Urefu wake maneno 300 hadi 400. Wakati wake ni kati ya katikati ya Januari na wiki ya kwanza ya Februari, ukishakuwa na alama mkononi. Anayeiandika usiku wa jibu huwa na majeraha tu ya kuandika, hana habari.

Anza kwa sentensi mbili: umepokea uamuzi, bado unataka kusoma pale. Kama kweli ni chaguo lako la kwanza na ungekwenda ukikubaliwa, sema hivyo. Usiviambie vyuo viwili jambo hilohilo. Kisha ingia kwenye mapya mawili au matatu yaliyotokea baada ya maombi yako ya Novemba. Hii ndiyo nyama ya barua. Malizia kwa jambo moja mahususi la chuo hicho linaloungana na mapya uliyotaja. Shukrani kwa sentensi moja, jina, namba ya mwombaji.

Tofauti kati ya barua dhaifu na nzuri iko kwenye aya ya katikati. Mfano wa dhaifu: "Nimeendelea kuwa kiongozi katika klabu yetu ya sayansi na nimejifunza umuhimu wa kushirikiana." Hakuna kilichotokea hapo. Sasa iandike hivi: "Mwezi Novemba klabu yetu ilipima chumvi katika visima 14 vya kata yetu. Visima vitano vilizidi kiwango, tukampelekea mtendaji wa kata jedwali, na Januari viwili kati ya hivyo vikawekwa alama ya kutonywewa." Msomaji ana namba, ana tendo, ana matokeo, na hakuhitaji kuambiwa kwamba wewe ni kiongozi.

Kama hakuna jipya kubwa, usilitunge. Kazi ya dukani kwa mzazi kila jioni, kumfundisha mdogo wako hesabu, kusoma peke yako sura za kitabu ambazo shule haizifikii: haya ni habari, yakiandikwa kwa saa na kwa kazi. Usirudie insha uliyotuma Novemba. Usihoji uamuzi wao wala usiulize kilichokosekana, hawatakujibu. Mzazi asiandike. Mbunge, balozi na rafiki wa baba aliyesoma pale zamani wasiandike pia. Barua za namna hiyo hazimsaidii mtoto na zinaweza kumwaibisha.

Barua ya ziada ya mwalimu ina maana ikiwa chuo kinairuhusu na mwalimu ana jambo jipya aliloliona, kwa mfano yule aliyekusimamia kwenye mradi baada ya Novemba. Barua ya tatu inayosema u mtiifu ni mzigo tu. Alama za SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani, za Desemba kwa kawaida hupokelewa kwa duru ya kawaida. Mtihani wa Machi umechelewa. Ongezeko la pointi 10 au 20 halibadili kitu. Ongezeko la 60 na zaidi litume.

Fedha

Kuna vyuo vichache ambavyo havitazami uwezo wa kulipa wa mwanafunzi wa kigeni wakati wa kuamua: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown wamo. Kwingine kwingi, Stanford ikiwemo, ombi la msaada huingia kwenye mizani. Katika vyuo hivyo, kama hukuomba msaada Novemba, huwezi kuuongeza sasa na mara nyingi hata miaka inayofuata. Na ukiamua kujitoa kwenye ombi la msaada ili uongeze nafasi ya kukubaliwa, lazima familia iwe na uwezo wa kulipa miaka minne kamili. Tumaini la "tutapata mfadhili huko mbele" ndilo linalowarudisha vijana nyumbani wakiwa mwaka wa pili.

Kama uliomba msaada, fomu ya CSS Profile, ya kueleza hali ya fedha ya familia, inabaki halali, huijazi upya. Ipitie tu. Makosa mawili hujirudia: kuchagua shilingi kama sarafu ya fomu kisha kuandika dola, au kuandika mshahara wa mwezi mahali panapoulizwa wa mwaka. La kwanza linaweza kumfanya mwalimu wa shule ya msingi aonekane hana kipato kabisa. La pili hupunguza kipato mara kumi na mbili na kuzua maswali. Mzazi mkulima au mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya mshahara aandike barua moja ya kueleza mapato ya mwaka kwa makadirio, ipigwe mhuri na serikali ya mtaa, na itafsiriwe kwa Kiingereza.

Machi na baada yake

MIT hutoa majibu tarehe 14 Machi kwa desturi yao. Wengi wa wengine hutoa wiki ya mwisho ya Machi, na kufikia 1 Aprili wote wamemaliza. Marekani watakuwa wamesogeza saa mbele, kwa hiyo saa moja jioni yao sasa ni saa nane usiku kwetu. Safari hii hakuna kuahirishwa tena: ni ndiyo, hapana, au orodha ya kusubiri. Ukiwekwa kwenye orodha hiyo, kubali kubaki kama bado unataka, lakini thibitisha chuo kingine kilichokukubali kabla ya 1 Mei, na ulipe amana yake au uombe msamaha wa amana. Ukikubaliwa, siku hiyohiyo angalia pasipoti yako inaisha lini, kwa sababu chuo kitahitaji nakala yake pamoja na uthibitisho wa fedha ili kutoa fomu ya I-20, inayothibitisha kwamba umekubaliwa kusoma, na bila fomu hiyo huwezi kupanga mahojiano ya viza.